Jitu Lisilo na Masharubu

Labanya alikuwa amepiga magoti bafuni, ncha moja ya kamba ya sketi ya ndani ameing'ata, ncha ya pili ameizungusha kwenye kidole cha mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulining'inia ubavuni kama taulo lililolowa. Alivuta. Kamba ikateleza. Akatema uzi uliomnasa ulimini, akaanza upya.

Mlango uligongwa.

"Unaoga au unafunga ndoa humo ndani?" Alikuwa Haradhan, kondakta wa zamani, ambaye basi lake mwenyewe lilimkata miguu. "Wengine tuna kibofu kimoja tu, bibi!"

"Nenda choo cha wanaume."

"Cha wanaume kina ngazi. Wamejenga kituo cha vilema wakaweka ngazi. Mungu awape maisha marefu, wazeeke, wapooze, waje wazipande."

Alitoka kamba ikiwa haijafungwa, sketi ameibana kwa kiwiko. Tuhina, msichana wa tiba kazi aliyewafundisha wagonjwa kutumia viungo vyao upya, alimwona akivuka ukumbi kwa hatua za kuiba. Akamfuata, akainama, akaifunga ile kamba bila kusema neno. Labanya alitamani angesema neno.

Kwenye meza ndefu kila mgonjwa alikuwa amewekewa bonge la udongo juu ya gazeti.

"Leo tunafinyanga," Tuhina alisema. "Chochote kile. Ua, ndege, hata hasira yako. Udongo haukuulizi umetoka wapi."

Labanya aliutazama udongo. Ulikuwa udongo mzuri wa mto Jalangi, mweusi, umechujwa. Alizaliwa kwenye mtaa wa wafinyanzi wa Krishnanagar, katika karakana ya baba yake, Jatin Pal, na tangu akiwa msichana wa misuko miwili alikuwa akitengeneza nyuso. Baba yake alifanya miili. Nyuso alimwachia yeye. Watu walikuja na picha ya marehemu wakaondoka na marehemu mwenyewe, wakilia.

Alitia mkono wa kushoto udongoni. Baada ya muda mrefu alikuwa na kitu kama kiazi kilichokanyagwa.

"Huyo mungu gani?" Haradhan aliuliza.

"Wako."

"Nilijua. Ndiyo maana hanisikii."

Tuhina alicheka, akaandika kitu kwenye karatasi zake. Juu ya kichwa chake, ukutani, ilining'inia picha kubwa ya mfadhili wa kituo, Bhabatosh Samaddar, tajiri wa maghorofa, mikono ameikutanisha kifuani kwa unyenyekevu. Watu wote mjini walimwita Kaka Bhaba. Pale ambapo Labanya alipangiwa kukaa, picha ilikuwa mbele yake kabisa. Alikuwa amemtazama mtu huyo asubuhi, mchana na jioni tangu walipomtoa hospitali.

Kaka Bhaba ndiye aliyejenga ghorofa nyuma ya karakana yao. Kibali kilikuwa cha ghorofa tatu, alipandisha tano. Jatin Pal alikwenda mara nyingi kulalamika kwamba ukuta una ufa unaoingia kidole, na kila mara alipewa chai. Ukuta ulianguka katikati ya masika, mchana, juu ya sanamu ambazo hazijakauka na juu ya Jatin aliyekuwa akizifunika kwa turubai ili zisilowe. Labanya alilala chini ya boriti hadi giza likaingia, mkono wake wa kulia upande mmoja wa boriti na yeye upande wa pili. Alimsikia baba yake akikohoa. Baadaye hakumsikia.

Polisi waliandika kwamba mvua ilikuwa kubwa. Kaka Bhaba alilipia kuni za kuchomea maiti, akalipia hospitali, akamtafutia Labanya nafasi kituoni. Baba yake mdogo alifuta kesi kwa niaba yake, wakati yeye bado amelala na mirija. "Nani anashtaki mvua?" alimwambia alipozinduka. Mwaka huohuo baba mdogo alipata duka kwenye ghorofa ya chini ya jengo jingine la Kaka Bhaba, lenye kioo mbele.

*

Kaka Bhaba alikuja mwezi mmoja kabla ya sikukuu ya mungu mke Durga, akiwa na diwani, wapiga picha, na maboksi ya vitamutamu vya sarpuria. Aliingia amevua viatu kama anayeingia hekaluni. Alimwendea Labanya moja kwa moja, akaunyanyua ule mkono wa kulia kwa vidole viwili, mbele ya kamera, akauachia. Mkono ukaanguka mezani, pu.

"Hauhisi?" alimwuliza Tuhina.

"Bado, bwana. Mishipa ya fahamu hurudi polepole. Lakini wa kushoto unaendelea—"

"Masikini." Akamgeukia Labanya. "Baba yako alikuwa kama baba yangu, dada. Ile mvua! Mvua ile haikuwa na huruma."

"Hapana," Labanya alisema. "Haikuwa nayo."

"Unakula vizuri?"

"Nakula."

"Anakula!" aliwaambia wapiga picha, na wote wakafurahi.

Kisha akatangaza. Mwaka huu jukwaa la sikukuu atakalogharamia yeye litakuwa na sanamu iliyofinyangwa na wagonjwa wa kituo: Mama Durga, simba wake, watoto wake wanne, na jitu Asura chini ya mguu wake. Udongo wa Jalangi, mikono ya wenye shida. Watu watatoka hata Kolkata kuja kuona. Tuhina alishika mashavu yake kwa furaha. Kwake hiyo ilikuwa tiba ya kweli: kazi yenye mwisho, kazi itakayoonwa.

Waligawana. Wawili walitaka simba. Mwanamke aliyepooza upande mmoja aliomba tausi. Haradhan alisema atafanya panya wa Ganesh, mwana wa Mama, kwa kuwa wanafanana urefu. Uso wa Mama ungefanywa na mfinyanzi wa kukodiwa, asije mtu akaukosea. Jitu hakuna aliyelitaka.

"Nipeni mimi," Labanya alisema.

Wakati wanapiga picha ya pamoja alisimama karibu na Kaka Bhaba kuliko alivyowahi kusimama. Aliutazama uso ule kama alivyofundishwa kutazama, si ngozi bali kilicho chini ya ngozi. Kovu lililokata nyusi ya kushoto. Ndewe za masikio zilizogandamana na shavu. Jino moja lililompanda mwenzake, jekundu kwa tambuu. Na katikati ya kidevu kishimo, mahali hasa ambapo mfinyanzi angebonyeza kidole gumba.

*

Kuanzia siku hiyo Tuhina hakuhitaji kumbembeleza mtu. Labanya alifika mezani kabla ya wote. Tuhina alimvika gango la kushikilia kiwiko, akamnenepeshea vijiti vya kufinyangia kwa sponji na utepe, akamfundisha kuutumia mkono wa kulia kama jiwe la kuzuia kazi isisogee. Alimpa mpira wa kubana.

"Bana taratibu. Fikiria kitu unachokipenda."

Labanya alifikiria shingo. Alibana mpaka mpira ukatoa harufu.

Alichora mistari, kurasa kwa kurasa, mkono wa kushoto ukitetemeka kama wa mlevi. Alipepeta mchele. Alikata unga wa chapati vipande vya ukubwa mmoja. Kila zoezi lilikuwa na mahali pake kwenye ule uso: kupepeta kulikuwa kope, kukata kulikuwa pembe ya mdomo. Ilipomwuma begani hakulia. Alisema lile jina kimyakimya, akaendelea.

"Sijawahi kuona mgonjwa mwenye moyo kama wako," Tuhina alimwambia, na alimaanisha. "Unaona udongo unavyoponya? Ulikuja hapa huongei."

"Ninaona."

"Hasira imepungua, eh?"

"Imepata kazi."

Tuhina akacheka, akaliandika hilo pia.

Mwili wa jitu ulikuwa rahisi: majani makavu yaliyofungwa kwa kamba, udongo na pumba juu yake, kisha udongo laini. Uso aliufanya peke yake nyuma ya pazia, na kila jioni aliufunika kwa kitambaa kibichi. Hata aliyechungulia hakuona kitu. Uso usio na macho si wa mtu yeyote, na kwa desturi macho hungoja mwisho. Mfinyanzi huoga, hukaa na njaa, hupaka macho alfajiri ile ambayo Mama anaanza safari ya kushuka kwa watu wake. Kabla ya hapo ni matope. Baada ya hapo, anakutazama.

Alfajiri hiyo mfinyanzi wa kukodiwa alipaka macho ya Mama, akapokea chai, akaondoka. Labanya alibaki na njaa yake. Alichovya brashi. Mkono haukutetemeka. Alipomaliza jicho la pili alirudi nyuma hatua chache, na Bhabatosh Samaddar, kifua kimetobolewa na mkuki, akamkodolea macho kwa hofu.

Haradhan alikuwa ameingia na kiti chake bila kupiga kelele. Alitazama kwa muda.

"Umesahau masharubu," alisema hatimaye. "Asura ana masharubu."

"Sijasahau."

"Hapana. Naona hujasahau." Akakuna kisiki cha paja. "Watu watakuja wangapi?"

"Wote."

"Basi siku hiyo nikalishwe mbele, bibi. Na mto wa mgongo."

*

Tuhina aligundua asubuhi ya kufunua, walipokuwa wakiondoa vitambaa jukwaani. Alishika nguzo ya mwanzi.

"Dada Labanya. Huyu nani?"

"Jitu."

"Nakuuliza huyu nani!"

"Jitu, mdogo wangu. Wewe unamwona nani?"

"Mtie masharubu. Rangi ipo, brashi ipo. Majitu yote yana masharubu, baba yako aliyafanya yote na masharubu."

"Baba hakumjua huyu vizuri."

"Atafunga kituo!" Tuhina alikuwa analia sasa, akijifuta kwa ncha ya sari. "Mimi nitapata kazi kwingine. Hawa je? Haradhan ataenda wapi? Utamchukua wewe? Utamchukua ukamweke wapi?"

Brashi ilikuwa imelala ukingoni mwa bati la rangi, karibu.

"Jamani, msinitie mimi kwenye masharubu yenu," Haradhan alisema kutoka chini. "Nimekaa hapa mapema nipate nafasi."

Ngoma zikaanza kulia barabarani. Msafara ulikuwa umekaribia, na Kaka Bhaba alikuwa mbele yake, katika kanzu ya hariri, taji la maua shingoni. Pazia likavutwa.

Watu walimtazama Mama kwanza, wakainua mikono. Halafu macho yakashuka kwenye mkuki, yakaufuata mkuki hadi unapoingia. Wapiga ngoma waliacha mmoja mmoja. Mwanamke fulani nyuma alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Eh! Si Kaka Bhaba huyo?" Mwingine alicheka akajiziba mdomo. Kisha pakawa kimya, kimya ambacho Labanya alikuwa amekiota tangu chini ya boriti. Wafinyanzi wa mtaa wao walikuwa wamesimama upande wa kulia, wote, na hakuna hata mmoja aliyetazama pembeni. Ngoja tu, alijiambia. Mtu mmoja tu alitaje jina la baba yangu.

Uso wa Kaka Bhaba ulipauka, kuanzia shingoni. Alijitazama. Jino lake. Kidevu chake. Diwani alimshika kiwiko, naye akaukung'uta mkono huo.

Alivua taji. Akapanda jukwaani, akapiga magoti, akaweka paji la uso wake pale ambapo kisigino cha Mama kilikanyaga kifua cha udongo. Aliposimama, mashavu yalikuwa yamelowa.

"Mguu wa Mama!" alipaza sauti. "Mguu wa Mama uko kifuani pangu! Katika mji huu mzima, matajiri, masikini, makuhani, Mama amemkanyaga nani? Mimi! Mimi mwenye dhambi! Ndugu zangu, kuna aliyebarikiwa kuliko mimi?"

Wanawake walianza kupiga vigelegele. Ngoma zikalipuka. Watu walisukumana kuja mbele, simu zimeinuliwa, na mzee mmoja wa wafinyanzi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alivua kofia akainamisha kichwa.

Labanya alisimama kando ya bati la rangi. Alikuwa mtoto wa mtaa ule. Kila mwaka wa maisha yake alikuwa ameona Asura akivishwa maua pamoja na Mama, akifukiziwa uvumba pamoja na Mama, kwa kuwa aliyeuawa na mguu ule ameokoka, hatengani nao tena. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Alizifahamu kope, alikifahamu kidevu, akasahau ni akina nani wanaoabudiwa.

Kaka Bhaba alishuka, akamwekea mkono begani, lile bega bovu, akatabasamu kwa ajili ya kamera. Mdomo ulikuwa karibu na sikio lake.

"Umenifanya kijana zaidi. Asante. Watu wa mtaa wenu walikuwa hawaniamkii, unajua? Sasa mji wote umenisamehe, na umefanya wewe, kwa mkono mmoja." Akaubana ule mkono usiohisi. "Ungekuwa nayo miwili ningekuwa mtakatifu."

Siku ya mwisho ya sikukuu, kabla sanamu hazijapelekwa mtoni, wake za watu walipanda kwenye viti na sari zao nyeupe za ukingo mwekundu kumuaga Mama. Walimpaka poda nyekundu, wakamtia kitamutamu mdomoni. Kisha waliinama kwa jitu. Mke wa baba yake mdogo alivunja kitamutamu cha sarbhaja, akakisukuma kwa kidole gumba katikati ya meno ambayo Labanya aliyachonga, akapangusa makombo kwenye kidevu kwa upole, kama anayemlisha mgonjwa.

"Anakula vizuri kuliko sisi," Haradhan alisema.



*

Kituo hakikufungwa. Kilipakwa rangi. Na baada ya sikukuu Kaka Bhaba alileta kazi nyingine, ya heshima zaidi. Pale palipokuwa na karakana alikuwa anaanza jengo jipya. Litaitwa Kumbukumbu ya Jatin. Jina la fundi litakaa juu ya lango, kwa herufi za shaba, na chini yake uso wa mjenzi, pia wa shaba. Alitaka uso huo utolewe kwa kalibu, juu ya ngozi yake mwenyewe, usipotee hata mkunjo. Na alitaka aufanye Labanya.

"Nani mwingine ananijua hivi?" alisema.

Alilala kwenye kitanda cha mazoezi, chali, kitambaa cheupe hadi kidevuni. Waandishi walikuwa ukumbini wakinywa chai. Dereva wake alikuwa nao. Labanya alimpaka mafuta ya haradali usoni, akaanzia paji, akashuka. Ngozi ilikuwa na joto. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Una mkono laini," Kaka Bhaba alisema akiwa amefumba macho. "Uolewe sasa. Nitakutafutia mtu. Si kijana, lakini mtu."

"Usiongee, kaka. Mdomo utapinda."

"Usinifanye jitu tena, eh?"

"Mikono weka kifuani, mmoja juu ya mwingine. Usiitikise mpaka nikwambie, la sivyo tutaanza upya."

Alitii. Labanya alimtia puani vikonyo viwili vya jani la mpapai, vilivyo wazi ndani, vya kupumulia. Akakoroga unga wa jasi na maji mpaka ukawa mzito kama maziwa mtindi, akaanza kuumimina. Kidevu kilifunikwa. Mdomo ulifunikwa, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, mtu huyo hakuwa na la kusema. Macho yalifunikwa. Ikabaki nundu nyeupe yenye vijiti viwili vya kijani, na ndani ya vijiti pumzi ikipita, ikiingia na kutoka, kwa mluzi mdogo.

Tuhina alikuwa amesimama miguuni, anapiga picha kwa simu. "Mkono hautetemeki hata kidogo," alinong'ona. "Dada, ungejiona!"

Mlangoni waandishi walimwita. Walitaka maelezo kuhusu tiba. Alimtazama Labanya, akamtazama Haradhan aliyekuwa na kiti chake pembeni.

"Nenda tu," Haradhan alisema. "Nipo mimi."

Tuhina akatoka. Haradhan alizungusha gurudumu, akausukuma mlango kwa kiti mpaka ukafunga, akakaa hapohapo, mgongo ukiwa kwenye mbao, uso ameuelekeza dirishani kama mtu anayengoja basi.

Jasi ilikuwa inaanza kushika. Labanya aliigusa shavuni; ilikuwa imepata joto, ngumu kama ganda la yai. Alilowesha kidole gumba. Akakiweka juu ya kikonyo cha kushoto.

Mluzi ukabaki mmoja, mwembamba zaidi, wa haraka. Kifua kikapanda juu kuliko awali. Kutoka chini ya kitambaa Kaka Bhaba aliinua kidole kimoja, taratibu, kwa adabu ya mtu aliyezoea kuinua kidole hicho akaletewa chai.

"Unajua wengi wanakuja hapa wana chuki," sauti ya Tuhina ilisikika ng'ambo ya mlango, changamfu, ikisubiriwa na kalamu. "Unampa mtu udongo, anafinyanga, anafinyanga, na siku moja unaona yote imemtoka."

Kidole cha shahada cha Labanya, cheupe kwa jasi, kilikuwa juu ya kikonyo cha pili. Hakikutetemeka.